Popoo Mfukoni mwa Shati la Harusi

Vunaragi, karibu na Kokopo
9 Februari

Mume wangu Isimel,

Mume wangu, mume wangu, mume wangu. Nimeliandika mara nne kwa sababu karatasi ni yangu na hakuna wa kunikataza. Tumeoana siku ishirini na sita. Kumi ulikuwa hapa, kumi na sita uko Brisbane, na mimi bado naamka nikiupapasa mto wako kama mtu aliyepoteza miwani.

Mama anasema mapenzi ya karatasi hayajazi sahani. Nimemjibu kwamba sisi tulianzia kwenye karatasi. Unakumbuka lile benchi la hospitali ya Lae? Mimi nimemleta Mama na nyonga yake, wewe unasubiri zamu yako ya mionzi, mdomo umekuvimba huwezi kutamka neno. Ukanisogezea kipande cha boksi la dawa kilichoandikwa: "Samahani dada, umekalia kofia yangu." Nikainuka, kofia imekuwa chapati. Ukacheka huku umeuziba mdomo kwa hiyo hiyo chapati ili nisione fizi. Nikajua nimekwisha. Wenzangu hupenda tabasamu la mtu. Mimi nilimpenda kibogoyo wangu kabla sijaona hata jino lake moja!

Je, wameshaanza? Nieleze kila kitu, hata cha kuchefua. Najua simu huipendi kwa sababu maneno yanakumwagika, kwa hiyo andika, andika mpaka kidole kiote sugu. Hapa wakiuliza nasema kama tulivyokubaliana: lori la kakao lilipinduka, meno yakabaki barabarani, sasa mwalimu kaenda kuwekewa mapya. Wanakupa pole nyingi.

Jambo moja, na usishtuke. Jana nilifua shati lako la harusi. Nililikung'uta nilianike, popoo likadondoka kutoka mfukoni. Lilidondoka mbele ya miguu ya Mjomba Apelis, aliyekuwa amemletea Mama samaki. Akaliokota. Alilijua mara moja, Isimel. Ni la mpopoo wake mwenyewe, lile alilokupa kwa mkono wake siku ya harusi mbele ya ukoo mzima, nasi sote tukadhani umelitia mdomoni.

"Hili ni lake?" akauliza.

"Lipi, Mjomba?" nikasema, kama mjinga.

Akalitia kwenye kikapu chake akaondoka bila kunywa chai. Mjomba Apelis, bila kunywa chai!

Sijui amechukia au alikuwa na haraka. Nadhani alikuwa na haraka.

Nakubusu pale penye kovu,
Relvi wako


Brisbane
27 Februari

Relvi mke wangu,

Hakuwa na haraka. Namjua mwanaume anayeacha chai.

Nianze na unayotaka kusikia. Kila siku ya kazi naingia kwenye chumba cha chuma kama tangi la maji la shule. Tuko sita humo, kila mmoja kavalishwa kofia ya plastiki, tunavuta oksijeni saa moja na nusu huku masikio yakiziba kama ndani ya ndege. Jirani yangu ni mzee mwenye kidonda cha mguu. Anatueleza farasi wa kamari waliomlia pesa tangu ujana wake, na hatuna pa kukimbilia. Daktari alinieleza hivi: mionzi iliua saratani, lakini ilikausha pia mishipa midogo ya taya, na mfupa wenye kiu haushiki skrubu. Basi kwanza mfupa unyweshwe mara ishirini, ndipo watoboe. Skrubu nne chini, mbili juu. Kisha tungoje miezi mfupa uzikumbatie. Kisha meno.

Meno yenyewe atatengeneza mama mmoja anaitwa Noreen, fundi wa hapa hospitali. Ana vidole vifupi vyenye nguvu na anapiga mluzi akifanya kazi. Aliniuliza meno yangu yalikuwa rangi gani. Nikamjibu, "Mekundu." Akacheka, akidhani namtania. Alipoona sicheki akaniambia nitafute picha yangu ya zamani. Mwombe dada yangu Dorkas.

Sasa popoo. Unajua kwa nini nililificha. Kulitafuna nisingeweza: daktari wa Lae aliniambia mdomo huu ukionja popoo, tambuu na chokaa tena, najichimbia kaburi kwa ulimi. Kulikataa mkononi mwa mjomba wako siku ya harusi nisingeweza pia. Nikatafuna hewa, nikalitia mfukoni, nikasahau kulitupa kwa sababu ulikuwa umesimama karibu yangu na maua masikioni.

Lakini nakuomba, usimwambie bado. Kwetu neno saratani likitajwa, watu huanza kupima mbao. Nikimwambia sasa, ataona maiti inayotembea imemwoa mtoto wa dada yake. Acha nirudi na meno, nimweleze nikiwa nimesimama mbele yake. Hapo ataona mtu aliyepona.

Unatunza nyumba yetu? Jiko linawaka vizuri? Nalifikiria jiko lile kila usiku.

Wako,
Isimel


Vunaragi
20 Machi

Mume wangu mwenye siri,

UNA MWANYA!

Dorkas amenipa picha yako ya kwaya, una miaka kumi na sita, umesimama safu ya nyuma, umefungua mdomo kama unataka kumeza kanisa, na katikati ya meno ya mbele, mwanya. Mwanya mzuri wa kupitisha punje ya mchele. Ulipanga kunificha mpaka lini? Nimeolewa na mwanaume mwenye mwanya na sikujua! Nimeionyesha picha hiyo sokoni kote. Muuza samaki amesema sasa anaelewa kwa nini nilikubali.

Naituma. Mwambie Mama Noreen hivi, neno kwa neno: "Mke wangu anauomba ule mwanya." Asije akakunyooshea meno kama vigae vya bafuni. Nataka yale ambayo Mungu alipanga. Wekundu wa popoo tu ndio usirudi.

Na wewe uniorodheshee utakachokula kwanza. Mimi nimeshaanza kukupangia: kuku na majani kwenye mawe ya moto, tui zito, ndizi za kuchoma zenye ganda jeusi. Kibogoyo wangu, umekula uji kiasi cha kujaza bandari ya Rabaul.

Hapa kwema. Mjomba hajambo, anakusalimu. Naandika nikiwa kwa Mama maana paa letu linavuja kidogo.

Nakubusu mwanyani (siku moja!),
Relvi


Vunaragi
11 Aprili

Kwa Isimel, mume wa mpwa wangu, kama bado ni mume.

Naandika mwenyewe. Herufi zangu ni za darasa la sita, zivumilie.

Siku ya harusi yako nilikupa popoo. Ukalipokea ukalificha. Usiniambie habari ya meno. Mama yangu alikufa hana jino hata moja, na mpaka siku ya mwisho alitwanga popoo lake kwenye kinu kidogo. Hakuna kibogoyo aliyeshindwa na popoo katika ukoo huu. Mtu anayelipokea na kulificha anasema jambo moja, na kila mtoto wa Vunaragi analijua: anasema mkono ulionipa una sumu.

Nina miaka sitini na moja. Sijaroga hata mbwa. Sasa nikifungua kikapu changu sokoni, watu niliotafuna nao tangu ujana wanasema wameshiba. Ndugu yangu wa tumbo moja aliniambia, "Kama mkwe wako analiogopa, mimi ni nani?"

Kwetu mjomba ndiye anayewasha jiko la maharusi kwa moto wa nyumba yake. Nililiwasha lenu. Nimelizima. Mpwa wangu yuko kwa mama yake tangu Februari. Utakuja ukae kwenye mkeka wangu, ulitafune nililokupa, mbele ya wale wale walioona. Usipokuja mpaka Krismasi, nitasimama kanisani niseme mwanamke huyu hana mume.

Amekonda. Hataki ujue.

Apelis ToMatava


Brisbane
8 Juni

Relvi,

"Paa linavuja kidogo." Mwalimu ameisahihisha sentensi hiyo na kukupa sifuri.

Mjomba ameniandikia. Najua jiko limezimwa, najua unalala kwa Mama, najua umekonda. Barua yake nimekaa nayo mwezi mzima na sikuweza kuandika. Nimeisoma mpaka nimeijua kwa moyo, hasa pale ndugu yake anaposema ameshiba. Sikujua popoo moja linaweza kumvua mtu mzima nguo sokoni.

Skrubu zimo tangu Aprili. Daktari amezikagua juzi. Mawingu ya Brisbane mwezi huu ni membamba sana, yamelala kama pamba iliyochambuliwa, asubuhi yanakuwa na rangi ya zambarau hivi, halafu jua likipanda yanajikusanya upande wa milimani. Kuna ndege weusi kwa weupe wanaoimba kama filimbi iliyopasuka. Wanatembea chini kama wakaguzi wa shule. Jana upepo ulikuwa wa kusini. Mzee wa farasi amepona mguu, ameondoka. Mawingu ya jioni nayo ni tofauti, ni ya chini zaidi.

Huenda mambo yakachelewa kidogo.

Kula, tafadhali.
Isimel


Vunaragi
30 Juni

Mume wangu,

Mwanaume anayemweleza mkewe mawingu nusu ukurasa anaficha mvua. Sema.

Nilikuficha jiko, ni kweli. Nilifikiri ukijua utapanda ndege ya kwanza, uje na taya lililotobolewa ukae kwenye mkeka wa Mjomba ulitafune popoo lile kwa ajili yangu, na mimi nibaki mjane mwenye heshima. Afadhali niitwe msichana wa kwa mama yake. Lakini sasa tumefichana vya kutosha. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi sitaki kilio, nataka kuku wa mawe ya moto.

Wiki iliyopita Mjomba alinikuta kisimani. "Mumeo ni mwoga," akasema.

"Si mwoga, Mjomba."

"Basi ni nini?"

Nikanyamaza. Mimi! Muulize Mama, sijawahi kunyamaza tangu nizaliwe. Mjomba akasubiri, akanitazama, akaninyang'anya ndoo akanibebea mpaka nyumbani, akaitua kwa nguvu kiasi cha kunirusha maji usoni. Ananipenda, Isimel. Ndiyo maana inauma.

Sikiliza sasa. Kama skrubu zimekataa, zimekataa. Sikuolewa na meno. Nilikukuta huna hata moja na nikakuona mzuri kuliko wanaume wote wa visiwa hivi, na kama utabaki hivyo nitakupondea ndizi mpaka tuzeeke wote wawili vibogoyo, tucheke kwa fizi. Ila niambie.

Relvi, mkeo, hata kama jiko ni baridi


Brisbane
18 Julai

Mke wangu,

Moja imekataa. Ni ya chini kushoto, upande uliopigwa mionzi. Daktari aliigusa, ikazunguka kama kifuniko cha chupa. Wakaitoa. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu, nikawaza kwamba mfupa wangu umekufa, kwamba nyingine zitafuata, na kwamba nitakuja kwa Mjomba nikiwa yule yule maiti niliyemwogopa. Ndiyo maana ya mawingu.

Barua yako niliisoma ndani ya tangi la oksijeni. Nimerudishwa humo mara kumi zaidi. Nililia ndani ya kofia ya plastiki, muuguzi akadhani inavuja.

Daktari anasema skrubu tatu za chini zikishika zinatosha. Zikishika, Oktoba. Zisiposhika, narudi kibogoyo na nakaa kwenye mkeka hivyo hivyo. Nimeamua. Karatasi hii ndogo mpe Mjomba mkononi:

"Mjomba, nilikosa. Popoo lako halikuwa na sumu, na sikuwahi kudhani hivyo. Sababu ni nyingine. Sitaki kuieleza kwa karatasi, kwa kuwa ulinipa popoo uso kwa uso. Nitakuja kabla ya Krismasi, nikujibu mbele ya wale wale, mdomo wazi. Asante kwa kumbebea ndoo. Isimel."

Wako, na mawingu yamekwisha,
Isimel


Brisbane
24 Oktoba

Relvi, Relvi, Relvi,

Zimeshika. Zote tano!

Jana Noreen aliyaleta meno kwenye kiboksi kama pete ya uchumba. Hapigi mluzi akiwa na wasiwasi, na jana chumba kilikuwa kimya. Akayafunga, akakaza skrubu moja moja, akanipa kioo. Nikamwona mvulana wa kwaya aliyekonda na kuota mvi. Mwanya upo. Noreen alisema, "Miaka thelathini wagonjwa wananilipa nizibe mianya. Huyu mkeo ni wa kwanza kuniagiza nitengeneze." Alikuwa na picha ile imebandikwa juu ya meza yake tangu Aprili.

Akaniletea kipande cha mkate kilichokaushwa mpaka kikaungua kidogo. Mate yangu hayakurudi tangu mionzi, unajua, kwa hiyo nilishika glasi ya maji mkono mmoja. Nikang'ata. Relvi, nilikuwa nimesahau kwamba kutafuna kuna sauti! Inapigia ndani ya fuvu, kama mtu anatembea juu ya majani makavu nyumbani kwako baada ya miaka miwili nyumba ikiwa tupu. Nilikula kipande chote. Noreen akageukia dirishani na kujifanya anatafuta bisibisi.

Kisha masharti: nisafishe kila mlo, nising'ate mifupa, karanga ngumu wala miwa. Muwa ukatwe kwa kisu vipande vidogo. Popoo, kamwe. Nilimwambia sheria zote amwandikie mke wangu, maana yeye ndiye polisi.

Usiku nilifunga mlango wa bafu nikataka kulitamka jina lako mbele ya kioo. Nikajizuia. Jina hili sijawahi kulitamka sawasawa tangu nikujue. Sitalipoteza kwa kioo, wala kwa simu. Ningoje uwanja wa ndege, tarehe 12 Desemba.

Isimel mwenye mwanya


Vunaragi
17 Desemba

Mpendwa Mama Noreen,

Hunijui, lakini mimi nakujua: ndiwe uliyekaa miezi sita ukitazama picha ya mume wangu akiwa kijana, na sioni wivu hata kidogo. Mimi ni Relvi, yule polisi. Nakuandikia kukushukuru na kukiri kosa moja. Kosa liko mbele, usiruke mistari.

Isimel alishuka kwenye ndege Ijumaa, kofia ile ile iliyobonyea kichwani. Nilikuwa nimetunga hotuba. Akavua kofia akasema, "Relvi." Mama Noreen, jina langu lilitoka zima, limenyooka, halina hata unyevu. Hotuba yangu yote ikatoka kama sauti ya kuku. Halafu akatabasamu bila kuziba mdomo, nikauona mwanya, na sitaeleza zaidi kwa sababu Mama yangu anasoma begani mwangu.

Jumamosi tukaenda kwa Mjomba Apelis. Ukoo wote ulikuwepo, wale wale wa harusini na wengine waliokuja kuona ugomvi. Mjomba amekaa kwenye mkeka, kikapu ubavuni. Hakusalimu. Akaweka kitu mbele ya Isimel: lile popoo, lile lile la mfukoni. Alikuwa amelitunza miezi kumi, limekauka kama kokoto.

"Unalijua?"

"Nalijua, Mjomba."

"Haya."

Isimel akavua kofia. "Mjomba, sitalitafuna. Hili wala lingine, mpaka nife."

Watu wakaguna. Mama mdogo wangu akasema kwa sauti, "Yesu wangu, mwalimu kaja kuuawa akiwa na meno mapya."

"Sikuanguka kwenye lori," Isimel akaendelea. Anasema vizuri sasa, Mama Noreen, kama darasani, mpaka waliosimama nyuma ya uzio walimsikia. "Nilikuwa na saratani ya mdomo. Nilitafuna popoo tangu nina miaka tisa. Wakanitoa meno, wakanichoma kwa mionzi miezi miwili, nikapona. Siku ya harusi sikuuogopa mkono wako. Nililiogopa popoo. Na niliogopa kukwambia, kwa sababu ungesema umempa mpwa wako marehemu. Sasa nitazame. Mimi ni marehemu?"

Akafungua mdomo wote, kovu la shavuni na kila kitu.

Mjomba akamwita kwa kidole. "Sogea." Akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye jua, akachungulia kama anakagua mashine ya boti.

"Yamefungwa kwa nini?"

"Skrubu, Mjomba."

"Ukikimbia hayalii?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili, kisha uzio mzima. Mjomba hakucheka. Alinigeukia mimi. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Miezi kumi nimekuzimia jiko. Nimekusema kisimani. Ulijua, ukanyamaza?"

"Ndiyo, Mjomba."

Akanitazama sana. "Na mimi nilikuwa nasema huyu mtoto hawezi kutunza siri ya yai chini ya kuku."

Akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba. Mama mdogo akanong'ona kwamba amefuata panga. Kumbe amefuata muwa. Akaketi, akaung'ata ganda kwa meno yake mekundu, akalivua ukanda kwa ukanda mpaka chini, akavunja pingili, akatafuna nusu mbele ya watu wote akameza maji yake. Nusu ya pili akaishika kiganjani akaielekeza kwa Isimel.

"Mkono ni ule ule," akasema.

Sasa kosa. Nilikumbuka barua yako ya masharti nikapiga kelele, "Kwa kisu! Mama Noreen kasema kwa kisu!" Mama akaniziba mdomo kwa kanga yake. "Nyamaza wewe, watu wanapatana." Na mume wangu, mgonjwa wako mtiifu, hakungoja kisu. Aliupokea ule muwa kwa mikono miwili akaung'ata kwa meno ya mbele.

KRAA!

Ilisikika mpaka barabarani. Maji ya muwa yakamtiririka kidevuni mpaka kwenye kola, akatafuna, akatafuna, akafumba macho. Nikamkimbilia na kikombe cha maji, akanikataza kwa mkono kwamba bado anafaidi. Akameza. Akasema, "Mtamu, Mjomba." Ndipo Mjomba akacheka, akalia, akamkumbatia shingoni, na wale ndugu zake walioshiba miezi kumi wakaja mmoja mmoja kuchukua popoo kikapuni mwake, wakigombania kama ndiyo siku ya kwanza. Wanawake, kama desturi yetu penye furaha, wakawamwagia poda ya watoto vichwani wote wawili mpaka wakafanana na samaki waliopakwa unga.

Nimeyakagua meno yote kwa tochi. Hakuna kilicholegea. Alifanya mara moja tu, na nimemwandikia onyo.

Jumatatu Mjomba alikuja peke yake kabla ya chai, akazungukazunguka, akamuuliza Isimel, "Hilo lako lilianzaje?" Isimel akamwambia afungue mdomo. Akamchungulia akasema, "Sioni kidonda, ila meno yamechoka kama mashahidi wa kesi ya shamba." Jana wamekwenda zahanati pamoja. Ni kweli hana kidonda, lakini wamemwambia aache. Ameapa kupunguza. Tangu asubuhi anatafuna miwa na kumlaumu kila mtu.

Lakini kabla ya hayo yote, Jumamosi ile ile jioni, alikuja nyumbani kwetu amebeba kaa la moto kwenye kifuu cha nazi, amelikinga na upepo kwa kiganja. Akapiga magoti, na ana miaka sitini na moja, akalipuliza jiko letu mpaka likashika, kisha akasema, "Pika, mke wa watu."

Nikapika. Kuku, majani, tui zito, ndizi za kuchoma zenye ganda jeusi. Isimel anakula kwa sauti, Mama Noreen. Anavunjavunja ngozi ya kuku kama anatembea kwenye kokoto, anasaga ndizi, anakunywa maji, anaanza tena. Wanawake walioolewa zamani hapa wananiambia ngoja miaka miwili, kelele za mume akila zitakuchosha.

Mimi huzima redio ili nizisikie.

Relvi, mke wa Isimel